Kumtoa mpangaji wa kodi ya zamani ili binti aingie ghorofani

Kila msimu wa harusi hapa Lamu naletewa kesi ile ile: binti anaolewa, ghorofa ya juu ina mpangaji. Mimi ni wakala wa nyumba, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wenye nyumba.

Hatua ya 1: Toa risiti za kodi, uangalie kiasi. Kodi ya kiwango, yaani ile inayotambuliwa kisheria kwa nyumba hiyo, ikiwa haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mpangaji analindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Notisi peke yake haimtoi; inatakiwa amri ya baraza la kodi. Ikizidi hapo, nenda mahakama ya kawaida, mwongozo huu haukuhusu.

Hatua ya 2: Nani hasa anaihitaji nyumba? Hapa ndipo wengi hukwama. Kwetu binti akiolewa hupewa pa kukaa kwao, ndiyo maana mitaa ya Mkomani ina wikio, yaani vyumba vya juu vilivyovuka vichochoro kuunganisha nyumba. Lakini sheria inamtaja mwenye nyumba, mkewe, watoto wadogo, au mtu atakayeishi naye kweli. Bi harusi wa miaka 24 si mtoto mdogo. Basi usiandike "ni mila yetu". Kama mtakuwa mkila jiko moja na kupanda ngazi moja, andika hivyo, nawe uwe tayari kulionyesha hilo jiko. Na kama nyumba ni mirathi isiyogawanywa, ndugu zako wakubali kwanza kwa maandishi. Mjomba mmoja asiyeridhika anatosha kuiharibu kesi.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba nyingine ya kumfaa mpangaji, kodi na hali zikaribiane. Mteja mmoja aliniletea orodha ya nyumba tatu, mbili ziko ghorofa ya tatu. Mpangaji wake ni bibi anayeshuka ngazi kwa makalio. Nikamrudisha akatafute upya.

Hatua ya 4: Notisi iwe ya maandishi, mkabidhi mkononi mbele ya shahidi, na mpangaji atie sahihi kwenye nakala yako. Ndipo upeleke ombi kwa baraza la kodi.

Na wakati unangoja, usiguse mlango wala maji. Kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. Mwenye nyumba mmoja alifunga mfereji wiki mbili kabla ya harusi. Siku ya kesi hakuulizwa habari za binti hata kidogo, aliulizwa habari za mfereji.