Rangi za Krismasi: maana yake na jinsi ya kuzipanga mezani

Kijani ndiyo msingi. Misonobari haipukutishi majani hata baridi ikikaza, ndiyo maana Wakristo wa Ulaya waliifanya ishara ya uzima wa milele. Nyekundu wengi huisoma kama damu ya Kristo, ila ina mzizi mwingine: Ujerumani ya zama za kati ilikumbuka Adamu na Hawa tarehe 24 Desemba, na kwenye maigizo mti wa Edeni ulitundikwa matofaa mekundu. Vile vipira vya kung'aa ni wajukuu wa matofaa hayo. Dhahabu ni zawadi ya mamajusi. Nyeupe ni rangi ya ibada ya Krismasi yenyewe. Zambarau ni ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, kwa hiyo iondoe kabla ya mkesha.

Kosa kubwa ni kugawa nyekundu na kijani nusu kwa nusu. Rangi hizi hukabiliana, na zikikoza sawa jicho halijui litue wapi. Pima hivi: kijani sehemu 6, nyekundu 3, dhahabu 1. Nyeupe usiihesabu, ni uwanja tu.

Kwa meza ya sentimita 180, tandika kitambaa cheupe. Laza matawi katikati kwa urefu wa sentimita 120, upana usizidi 30, la sivyo sahani zitakosa nafasi. Weka vipira vyekundu kwa mafungu ya vitatu au vitano. Vikipangwa kimoja kimoja kwa umbali sawa, vinafanana na shanga. Utepe wa dhahabu upite baina ya nyekundu na kijani. Kazi yake si urembo tu: mwanga ukififia, nyekundu iliyokoza hugeuka nyeusi machoni na kumezwa na majani, na ule mng'ao ndio unaoitenga.

Balbu ziwe za mwanga wa manjano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Ile nyeupe ya 6500 huifanya dhahabu ionekane kama bati.

Karatasi ya krepe nyekundu huchuja rangi ikiguswa na maji. Ijaribu kwanza: bandika kipande juu ya kitambaa kibichi cheupe kwa sekunde 10. Kikiacha doa, karatasi hiyo iishie ukutani, isifike mezani. Mishumaa ya moto nayo ikae sentimita 30 kutoka kwenye matawi. Ndani ya majani weka taa ndogo za betri.