Kujaza karatasi ya alama ya World Series ukiwa umekaa na watani wako

Shabiki wa Yankees na shabiki wa Dodgers wakikaa kochi moja mwezi wa Oktoba kutazama World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ubishi lazima. Mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Dawa yake ni karatasi ya alama iliyojazwa kwa mkono: kila mtu anaona nani alifika besi, alifikaje, na kila mkimbio (pointi moja, mchezaji akizunguka besi zote akarudi nyumbani alikoanzia) uandikwe deni la mrushaji yupi.

Andaa penseli na kifutio. Kalamu ya wino utaijutia, kwa sababu mwandishi rasmi wa alama huweza kubadili kosa la mlinzi likawa hiti (mpigo safi unaomfikisha mpigaji besi) baada ya kuangalia marudio. Chukua karatasi mbili, moja kwa kila timu inapopiga, kila moja na mistari 9 ya wapigaji. Chini ya kila jina acha nafasi ya mchezaji wa akiba. Chora safu 12 za inningi (awamu ambayo kila timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe), si 9 za kawaida, na weka karatasi nyingine tupu pembeni. Kwenye mtoano hakuna yule mkimbiaji wa bure anayewekwa besi ya pili kuanzia inningi ya 10 kama msimu wa kawaida, hivyo mechi inaweza kukesha. Mchezo wa 3 wa mwaka 2018, Dodgers na Red Sox, ulifika inningi 18. Mwaka 2025 Dodgers na Blue Jays wakarudia yaleyale, Mchezo wa 3, inningi 18.

Kisha gawaneni: kila shabiki ajaze karatasi ya timu ya mtani wake. Anayejaza ya timu yake husahau kuandika wakimbiaji walioachwa kwenye besi. Anayejaza ya mtani hasahau hata mmoja.

Walinzi huandikwa kwa namba za nafasi zao, si za jezi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 shotistopu, kisha wa nje 7 kushoto, 8 katikati, 9 kulia. Wengi hukwama kwa shotistopu. Kwa kuwa anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mgeni humwandika 5, na karatasi nzima inaharibika. Yeye ni 6.

Kila zamu ya mpigaji ina kisanduku chake, na ndani yake unachora almasi: nyumbani chini, besi ya kwanza kulia, ya pili juu, ya tatu kushoto. Chora mstari hadi pale mkimbiaji alipofika; akirudi nyumbani, ijaze almasi yote rangi. Hiti ya besi moja ni 1B, ya mbili 2B, ya tatu 3B, na mpira uliovuka uzio ni HR. BB ni mpigaji aliyepewa besi kwa boli nne (mirusho mibaya ambayo hakuipiga). K ni aliyetolewa kwa straiki tatu (mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha). Kama aliutazama tu wa mwisho bila kuzungusha gongo, igeuze K itazame nyuma. F8 ni mpira wa juu uliodakwa na wa nje katikati. Mpira wa chini ukienda kwa shotistopu, akampa wa besi ya pili, naye akampa wa besi ya kwanza, mkimbiaji na mpigaji wote wawili wakatoka, andika 6-4-3 na DP (wawili kutolewa kwa mpira mmoja). Kosa ni E na namba ya aliyekosea. Auti (mchezaji aliyetolewa) izungushie duara lenye 1, 2 au 3.

Thamani ya karatasi hii inaonekana vizuri kwenye Mchezo wa 5 wa mwaka 2024, inningi ya 5. Yankees wanaongoza 5-0 na mrushaji wao Gerrit Cole hajaruhusu hiti hata moja. Enrique Hernández wa Dodgers: 1B. Tommy Edman anapiga mpira wa juu, Aaron Judge anauangusha: E8. Will Smith anapiga wa chini, Anthony Volpe anarusha vibaya kwenda besi ya tatu: E6. Besi zimejaa, auti hakuna. Gavin Lux, K. Shohei Ohtani, K. Mookie Betts anapiga mpira dhaifu kwa Anthony Rizzo wa besi ya kwanza, na Cole hakimbilii besi kuupokea. Mkimbio mmoja. Freddie Freeman 1B, mikimbio miwili. Teoscar Hernández 2B, miwili tena. Ngoma droo, 5-5.

Sasa swali la kuvunja urafiki: kisanduku cha Betts kiandikwe nini? Shabiki wa Yankees mwenye hasira atataka E1. Hapana, ni 1B. Kosa huandikwa mpira unapodakwa, kuokotwa au kurushwa vibaya. Mtu aliyezubaa mahali pake haandikiwi kitu. Lakini ukizihesabu upya auti ambazo zingepatikana bila makosa, Edman ni ya kwanza, Smith ya pili, Lux ya tatu, na inningi imekwisha. Kwa hiyo mikimbio yote mitano haimo kwenye wastani wa mikimbio wa Cole (ERA), ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyesimama akitazama. Dodgers walishinda 7-6 na kubeba ubingwa usiku huohuo.

Mrushaji akibadilishwa, piga mstari mnene juu ya kisanduku cha mpigaji wa kwanza wa mrushaji mpya. Bila mstari huo mtagombana, maana mkimbiaji aliyeachwa kwenye besi akifunga, deni ni la aliyemruhusu kufika, si la aliyerithi. Timu ikipiga wachezaji zaidi ya 9 katika inningi moja, endelea kwenye safu inayofuata na usahihishe namba za inningi juu. Ohtani akianza kama mrushaji kisha akapumzishwa kurusha, usimfute kwenye wapigaji: kanuni ya mwaka 2022 inamruhusu kubaki mpigaji maalumu, yaani anayepiga tu bila kulinda.

Tambo nazo zina mipaka. Mrushaji akiwa hajaruhusu hiti hadi inningi ya 6, kaa kimya. Mila ya mashabiki ni kutolitaja jambo hilo, na wewe mwenye karatasi ndiye unayeona visanduku vitupu kabla ya wengine. Katika World Series mechi nzima bila kuruhusu hiti imetokea kwa Don Larsen wa Yankees mwaka 1956, na kwa Astros mwaka 2022, wakisaidiana warushaji wanne.

Mechi ikiisha, hakiki. Jumla ya zamu za kupiga lazima iwe sawa na mikimbio, jumlisha walioachwa kwenye besi, jumlisha auti. Mikimbio 4, walioachwa 7, auti 27: zamu ziwe 38. Mwenyeji akishinda bila kupiga inningi ya 9, auti zake ni 24. Hesabu ikikataa, anza kukagua DP, kwani auti inayosahaulika mara nyingi ni ya mkimbiaji aliyetolewa besi ya pili, na duara lake liko kwenye kisanduku cha mtu mwingine.