Picha za dagaa juani: weupe usiungue

Dagaa walioanikwa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, saa sita mchana hung'aa kuliko mchanga, na kando yao kuna mitumbwi ya rangi iliyokolea na watu waliokaa kivulini. Kamera hupima wastani wa vyote. Mtumbwi ukijaa kwenye fremu, kamera huongeza mwanga, na samaki hugeuka bapa jeupe lisilo na magamba. Weupe ulioungua kabisa, yaani uliopata mwanga kupita uwezo wa kamera, haurudishwi na programu yoyote, kwa kuwa faili haina kitu pale. Giza hubaki na cha kuvutwa.

Basi pima weupe kwanza. Weka RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), hali ya M (unapanga mwenyewe). Chagua upimaji wa nukta (hupima sehemu ndogo tu ya fremu), lenga dagaa, kisha badilisha spidi ya shata mpaka kipimo kisome takriban +1.5, yaani stopu moja na nusu juu ya wastani (kila stopu ni mwanga mara mbili). Jua likiwa kali bila wingu, anzia tundu la f/8 kwa spidi ya sekunde 1/400. Piga, washa onyo la kumeta (palipoungua humeta kwenye kioo), tazama. Vimulimuli vya maji mgongoni mwa samaki viache viungue. Picha bila hivyo hupooza. Akimeta samaki mzima, punguza theluthi moja ya stopu na upige tena.

Histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga) ya kwenye kioo hutokana na JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera, hata unapopiga RAW. Ukitumia mtindo wa rangi kali, itaonyesha kuungua kabla hakujatokea, nawe utapiga giza bure. Tumia mtindo uliopoa, kontrasti chini.

Jioni, jua likishukia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hatari hubadilika: chaneli nyekundu (moja ya rangi tatu zinazounda picha) hujaa kwanza huku histogramu ya jumla ikionekana salama, na wekundu wa anga hugeuka doa la njano. Fungua histogramu ya rangi tatu, uufuate wekundu.

Kwenye Darktable au RawTherapee, programu za bure za kuhariri RAW, shusha kwanza mwanga wa jumla mpaka magamba yaonekane, kisha ndipo uinue vivuli. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila rangi, JPEG 256 tu. Ndiyo maana JPEG huchanika mistari angani ukiivuta. Chaneli moja ikiwa imeungua, programu hukisia kwa kutumia mbili zilizobaki. Zikiungua zote tatu, kushusha mwanga kutakupa kijivu kitupu. Acha pabaki peupe.

Kwa simu, bonyeza dagaa kwa sekunde kadhaa mpaka kipimo kijifunge, kisha buruta alama ya jua chini kabla ya kupiga.