Pima Joto la Maji Kabla ya Kuwaandama Konokono

Konokono wakiongezeka ghafla jarubani au bwawani, usikimbilie sumu. Chukua kipimajoto kwanza.

Mwili wa konokono hufuata joto la maji. Maji yakipoa naye hupoa. Yakipata moto, njaa humzidi na haja yake ya oksijeni hupanda. Tabu ni kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: lita moja yenye nyuzi 10 huweza kushika miligramu 11 hivi, lakini kwenye nyuzi 30 haizidi sana 7 na nusu. Konokono mwenyeji anayetegemea matamvua peke yake hubanwa.

Sasa mtazame mgeni aitwaye Pomacea canaliculata, yule mkubwa anayebandika mayai ya waridi kwenye mabua juu ya maji. Asili yake ni Amerika Kusini. Huyu ana matamvua na pafu pia. Hewa ya majini ikipungua, husogea juu, hutoa mrija mwembamba hadi usoni mwa maji, huvuta hewa, kisha hurudi kwenye miche. Ukikaa kimya ukingoni jioni utauona mrija huo. Maji ya nyuzi 25 hadi 30 humfaa kabisa: hula sana, hutaga sana, na mayai huanguliwa kwa wiki 2 hivi. Isitoshe, hula mayai na watoto wa konokono wengine, kwa hiyo anaposhiba mwenzake hukosa chakula na kizazi pia.

Chini ya nyuzi 15 mambo hubadilika. Mgeni huzubaa na ukuaji wake karibu husimama, huku wenyeji waliozoea baridi wakiendelea kula mwani. Ila usidhani amekufa. Amejifukia matopeni na kufunga mlango wa gamba lake, na anaweza kukaa hivyo miezi.

Si kila mgeni hupenda joto, lakini. Potamopyrgus antipodarum wa Nyuzilandi, mdogo kama punje ya mchele, hustawi kwenye maji baridi, kwa hiyo mjue unayepambana naye.

Pima asubuhi na alasiri mahali pamoja, kipimajoto kikiwa kimezama. Joto likianza kupanda baada ya msimu wa baridi, hapo ndipo pa kuokota kwa mkono, kabla mayai ya kwanza hayajaonekana. Yakishaonekana, yakwangue na kuyaponda. Vaa glavu, kwa sababu mayai yana sumu na konokono wenyewe hubeba vimelea.

Kwenye mpunga, pandikiza miche iliyokomaa kidogo na weka maji kina cha sentimita 1 au 2 kwa wiki 3 za mwanzo. Ni kweli maji haba hupata moto upesi, lakini mgeni mkubwa hushindwa kutembea vizuri humo. Chimba vijitaro vyembamba ndani ya jaruba. Maji yakipungua watajikusanya huko, nawe utawaokota kwa urahisi. Weka wavu mahali maji yanapoingilia.

Sumu ninaiogopa kuliko konokono wenyewe. Huua samaki, huua wenyeji, na maji yakiwa ya moto anayerudi wa kwanza ni yule anayezaa haraka. Ukilazimika kuitumia, itumie kwenye jaruba moja lililofungwa, na usiyaachie maji yake mtaroni.