Kabla hujailaumu bahati: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda ulingoni

Bondia akivunjika mkono mazoezini, utasikia "bahati mbaya tu". Bahati mbaya ipo, ila husingiziwa mengi. Hakikisha haya kwanza.

Kinga ya meno iwe yako, iliyokaa sawasawa na meno yako, usiazime. Kinga ya sehemu za siri, vaa. Kucha kata, hata za miguuni.

Bandeji ya mtu mzima ni mita 4.5. Tanua vidole unapoifunga: kifundo cha mkono, kiganja, kati ya vidole, gumba, kisha rudi kifundoni. Vidole vikifa ganzi, fungua uanze upya. Glovu za sparing, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, ni aunsi 16. Za 8 na 10 ni za pambano.

Lakini bandeji haiokoi ngumi inayotua vibaya. Ngumi ya kuzungusha kutoka mbali hutua upande wa kidole kidogo, na mfupa wa kiganja wa upande huo huvunjika upesi. Tua na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mifupa yake imejikita imara. Kocha akuangalie kwenye begi la kupigia ngumi ukiwa umechoka, maana hapo ndipo ngumi huanza kupinda.

Kwa wanaopiga mateke, balaa liko kwenye teke la chini. Desemba 28, 2013, Las Vegas, katika pambano la UFC (mchezo wa ngumi, mateke na mieleka), Anderson Silva alimpiga Chris Weidman teke la mguu. Weidman akainua goti, ugoko wa Silva ukakatika. Wengi waliita ajali, ila Weidman alikuwa ameifanyia mazoezi kinga ile. Halafu Aprili 24, 2021, Weidman huyohuyo akafyatua teke lake la kwanza kwa Uriah Hall, na ugoko wake ukavunjika vilevile. Pambano lilidumu sekunde 17.

Kwa hiyo hata anayeijua hatari hii, humpata. Theluthi ya chini ya ugoko ni nyembamba. Ikikutana na mfupa mnene ulio chini ya goti la mwenzako, yako ndiyo itakayokatika. Basi usirushe teke kavu. Tanguliza ngumi mbili ili uzito wa mwenzako ukae mguu wa mbele ashindwe kuuinua. Sogea karibu, geuza mguu unaosimamia, peleka nyonga, lenga paja, gusa kwa katikati ya ugoko. Ukiwa mbali utafikisha kifundo cha mguu tu. Akiamua kuinua goti wewe ukiwa umesharusha, hapo iite bahati, sina ubishi.

Kofia ya sparing hupunguza michaniko, haizuii ubongo kutikisika. Ukiona giza baada ya kupigwa, siku hiyo imekwisha, hata kama kocha anakuita. Usifanye sparing huku umejinyima maji ili upunguze kilo. Jasho sakafuni lifutwe. Ujue pia kituo cha afya kinachofunguliwa usiku, na nauli ya kufika huko iwepo.