Laini yako ya kwanza Dodoma: kusajili, kuchagua bando na kuzuia salio lisikatwe hovyo

Mbukwenyi wote. Naandika hii kwa ajili ya wadogo zetu wanaoshuka stendi ya Nanenane na begi moja wakienda vyuoni UDOM, CBE au Mipango, na kwa vijana wa Kongwa, Bahi na Mpwapwa wanaonunua simu ya kwanza baada ya kuuza mahindi au alizeti. Kila mwaka ni yaleyale, mtu anasajili laini leo, anaweka vocha ya buku, kesho asubuhi salio halipo na hajapiga simu hata moja, alafu anaambiwa "mtandao umekula" na anakubali yanaishia hapo. Usikubali. Hela ikikatwa kuna mahali ulibonyeza, au mtu alibonyeza kwa ajili yako, na karibu yote hayo yanazuilika siku ileile ya kwanza ukijua pa kushika.

Anza na NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, maana bila namba ya NIDA husajili laini, ndio utaratibu tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kadi sio lazima uwe nayo mkononi, namba inatosha. Ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa ukianza na mwaka, kwahiyo kama mwanzo haufanani na siku uliyozaliwa ujue umenakili vibaya au kuna kosa la kwenda kurekebisha NIDA kabla ya jambo lingine lolote. Kama huna namba kabisa na umeshatimiza miaka 18, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako na cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Itachukua muda, vumilia. Usidanganyike na laini ya mtaani ambayo "imeshasajiliwa tayari wewe weka tu kwenye simu", kwasababu mwenye jina ndio mwenye laini, siku akienda dukani kuirenew anaondoka na namba yako na hela zote zilizomo, na wewe huna pa kulalamika.

Kabla ya kulipia simu yenyewe, hasa iliyokwishatumika na mtu mwingine pale Sabasaba au Majengo, bonyeza *#06# zitokee tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, zitume kwa sms kwenda 15090. Jibu linakuja na jina na aina ya simu, likitaja simu tofauti na uliyoishika, mrudishie mwenyewe. Simu feki zilishazimwa nchi nzima Juni 2016 na watu wengi walibaki na vyuma tu mkononi.

Sasa kuchagua mtandao. Watu wanauliza "upi una bando rahisi", mimi nasema uliza kwanza upi unashika chumbani kwako usiku saa mbili watu wote wakiwa online. Tuna Vodacom, Airtel, Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo, Halotel na TTCL, na kila mmoja una mahali unapokimbia na mahali unapokufa. UDOM ni kubwa, aliyeko CIVE (upande wa kompyuta) na aliyeko Social (upande wa sayansi za jamii) wanaweza wakakupa majibu tofauti kabisa na wote wakawa wakweli, kwahiyo azima simu ya mwenzako wa chumba hichohicho, fungua video dakika tano, basi umeshajua. Alafu uliza nyumbani wanatumia mtandao gani, kwasababu kama mama yuko Mvumi na mnara unaoshika kule ni mmoja, huo ndio utakaompigia kila wiki na huo ndio utakaopokelea hela. Bei ya bando iwe swali la tatu.

Na uchukue malipo ya kabla, yaani unaweka hela kwanza ndio unatumia. Mkataba wa kulipia mwisho wa mwezi waachie wenye mshahara, wewe mwanzo huo hujui hata mwezi unatumia GB ngapi.

Siku ya kusajili nenda duka la mtandao wenyewe, au kama ni wakala wa mwavuli awe ni mtu ambaye kesho utamkuta palepale. Utataja namba ya NIDA, utaweka kidole kwenye kile kimashine, atajaza taarifa, utapewa namba. Hapa nataka uwe macho kuliko sehemu nyingine yoyote. Wakala akisema "kidole hakijasoma weka tena", inaweza kuwa kweli, mikono ya jembe alama zinafutika, mama mdogo wangu wa Kibaigwa alijaribu vidole vinne ndio kimoja kikasoma. Lakini pia inaweza kuwa anasajili laini ya pili na ya tatu kwa jina lako akauze. Wewe kwa macho huwezi kutofautisha, kwahiyo mwambie kwa heshima "naomba nione kioo" kila anapokwambia rudia, na kama kiooni inasoma imefanikiwa alafu bado anataka kidole kingine, toa mkono. Laini ikishawaka, ukiwa bado umesimama pale, piga *106#. Itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta namba huijui sema hapohapo ifutwe, wakala akiguna nenda duka la mtandao na kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao miwili, piga *106# kwenye kila laini. Na uirudie kila baada ya miezi kadhaa, maana laini ya jina lako ikitumika kutapeli watu, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

PIN ya hela weka mwenyewe, wakala ageukie pembeni, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ambao ameshauona kwenye namba ya NIDA.

Tufike kwenye kukatwa sasa. Niwaambie ya mama mdogo huyohuyo. Ana kiswaswadu, anapigia tu watoto na madalali wa soko la mahindi. Akawa ananiambia kila akiweka jero haifiki kesho. Nikaenda, tukakaa nje kwenye mkeka, nikafungua inbox, meseji zaidi ya mia mbili hazijasomwa, yeye alijua ni matangazo. Nikashuka taratibu hadi chini nikaikuta: umefanikiwa kujiunga, utatozwa Tsh 150 kwa siku. Ilikuwa ni huduma ya nukuu za kila siku, kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka na yeye mwenyewe bila miwani hasomi. 150 mara siku 30 ni 4,500 kwa mwezi, kwa mtu anayeweka jero jero. Alikuwa amekaa nayo tangu kabla ya mvua za masika. Aliniambia kuna siku kuna maandishi yalitokea katikati ya kioo, akabonyeza OK yatoke ili apige simu. Hiyo OK ndio ilikuwa kukubali. Sikulala vizuri siku ile jamani, nilikuwa nahesabu tu.

Kwahiyo jambo la kwanza, maandishi yakiruka katikati ya kioo bila wewe kuyaita, usibonyeze OK, tafuta "ghairi" au kitufe cha kukata simu. Jambo la pili, fungua kila meseji inayotoka kwenye namba fupi wiki ya kwanza, ukiona neno "umejiunga" soma hadi mwisho, kwa kawaida kuna maelezo ya kujitoa, mara nyingi ni kutuma neno kama ONDOA kwenda namba hiyohiyo. Tuma, subiri wakujibu kwamba umetoka, na jibu hilo usilifute. Usipoelewa piga 100 umwambie mhudumu maneno haya: "naomba uniangalizie huduma zote nilizojiunga nazo na uziondoe zote". Usiseme "salio linakatwa", sema "huduma zote", kwasababu mama mdogo alikuwa nazo tatu na yeye alijua hata moja hana.

Jambo la tatu ndilo ninalowasisitizia watu wangu wote: usiweke salio la kawaida. Hela yako ikae kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa au popote unapotumia, na bando ulinunue moja kwa moja kutokea huko. Salio la kawaida likiwa sifuri, huduma ya kukatwa kila siku inakuja inakuta hamna kitu. Na intaneti ikiisha usiku, inaisha tu, haihamii kwenye vocha. Wengine watasema "je nikitaka kupiga simu ya haraka", sawa, nunua bando lenye dakika za mitandao yote ziwepo za akiba, na ya dharura 112 ni bure. Ila akiba ya vocha ya elfu mbili iliyokaa tu hapo ni kama kuacha mtama juani bila mtu wa kufukuza ndege.

Kama lazima uweke vocha, zima data kwanza. Simu mpya ikiwashwa inaanza kushusha masasisho ya programu zote kwa wakati mmoja, na kama hujaunga bando inakata kwa bei ya nje ya bando ambayo ni kubwa. Ingia mipangilio ya duka la programu, weka masasisho yashuke kwa wifi peke yake. Na WhatsApp nayo zima ile ya kushusha picha na video zenyewe, groupu moja la darasa linamaliza MB 500 kabla hujaamka.

Kuunga bando: menyu ya Vodacom ni *149*01#, Airtel *149*99#, Yas *147*00#, Halotel *148*66#, TTCL *148*30#. Soma kila mstari, usibonyeze kwa mazoea. Angalia dakika ni za mtandao huohuo au mitandao yote. Angalia GB zote ni za kutumia muda wowote au nyingine ni za usiku, maana unaweza kuona GB kumi ukafurahi kumbe sita ni za usiku wa manane. Na saa zao wanaandika kizungu, 00:00 hadi 06:00 ni saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nimeshaona mtu anasubiri "saa sita" mchana aanze kushusha notsi. Bando la WhatsApp peke yake ni la WhatsApp kweli, ukibofya linki ya YouTube iliyotumwa humo umeshatoka nje ya bando.

Kuna menyu zinakuuliza mwisho ununue mara moja au ujiunge moja kwa moja. Hiyo "moja kwa moja" watu wanaielewa kama "sasa hivi bila kuzunguka", kumbe maana yake litajirudia lenyewe kila likiisha mpaka ulizuie. Chagua mara moja. Mkopo wa salio nao uepuke, unapewa pungufu ya unachodaiwa, na vocha utakayoweka kesho inalipa deni kwanza ndio kinabaki kiduchu.

Haki unazo pia. Kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zinamtaka mtoa huduma akutaarifu ukishatumia asilimia 75 ya bando na likiisha lote, na ukinunua tena bando lilelile kabla muda wake haujafika mwisho kilichobaki unaendelea nacho. Kwahiyo bando la wiki likibaki na GB mbili siku ya mwisho, usisubiri lifie mkononi, unga tena mapema.

Ukikatwa na huelewi, usipige kelele dukani, fanya hivi. Piga picha meseji za makato, andika tarehe, saa na kiasi. Piga 100, eleza, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uiandike na siku uliyopiga. Wakikuzungusha nenda dukani kwao na hayo maandishi, ongea na meneja. Siku 30 zikipita hawajakutatulia, peleka lalamiko TCRA, yaani mamlaka inayosimamia mitandao ya simu, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, na kule kitu cha kwanza watakachotaka kujua ni kama ulianza kwa mtoa huduma, ndio maana ile namba ya kumbukumbu usiipoteze. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zenyewe unazipeleka 15040, na usimjibu aliyezituma.

Ukishindwana kabisa na mtandao, namba yako huiachi, tangu Machi 2017 unaweza kuhama nayo. Nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, atakuelekeza utume neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya kutuma lipa mkopo wote, toa hela yote kwenye akaunti ya simu na umalize bando, kwasababu salio na bando havihami na wewe.