Somo: Kuigeuza Reli Iliyolala Kuwa Njia ya Matembezi

Wakazi wa mitaa kadhaa ya Eastlands, jijini Nairobi, wameniomba niandike kwa utaratibu yale ambayo kikundi chetu kimejifunza tangu tulipoanza kuutetea mchepuo mmoja wa reli, yaani njia ndogo iliyochepuka kutoka reli kuu, ulio pembezoni mwa Industrial Area, ambao kwa miaka mingi haujapitiwa na behewa lolote. Sitautaja mchepuo wenyewe kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea, na ninaomba mlisome somo hili kama maelezo ya mtu aliye katikati ya safari.

Hatua ya kwanza: hakikisheni kwamba reli imelala kweli

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukajengwa kuizunguka. Viwanda na maghala yalipoongezeka, michepuo ilitandazwa hadi milangoni mwake ili mzigo upakuliwe papo hapo, na malori yalipouchukua mzigo huo, michepuo mingi ilibaki chini ya nyasi, lami na vibanda. Hata hivyo, nyasi si ushahidi. Njia ya kwenda Nanyuki ilikaa miaka mingi bila gari la abiria, na wengi walidhani imekufa, lakini ilikarabatiwa na abiria wakaanza kusafiri tena mwaka 2020. Ile ya Kisumu nayo ikafuata mwaka 2021. Kikundi kinachoanza kampeni juu ya reli ambayo Shirika la Reli la Kenya linapanga kuifufua kitapoteza muda wake na heshima yake.

Tazameni mgongo wa chuma. Reli inayotumika hung'aa juu kwa sababu magurudumu huisugua kila siku. Iliyoachwa hushika kutu ya kahawia ambayo hubaki kidoleni ukiigusa. Hiyo ni dalili tu, na jibu la kutegemewa ni lile lililoandikwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Liandikieni shirika hilo mkiuliza mambo matatu: je, mchepuo huo bado umo katika orodha ya njia zinazotumika, je, kuna mpango wowote juu yake, na je, kuna mtu aliyekodishiwa sehemu yoyote ya ukanda huo? Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa maana mnaweza kutumia mwaka mzima kutetea kipande ambacho tayari kina mpangaji mwenye mkataba.

Hatua ya pili: pimeni, na muandikishe kila mtu

Ombeni idhini kabla ya kuingia kwenye ukanda wa reli, hata kama watu mia mbili huupita kila asubuhi wakienda kazini. Mkishaipata, nendeni na utepe wa kupimia, daftari na simu yenye kamera. Andikeni upana wa tuta kila baada ya mita 50, hali ya kila kalvati, kila mahali barabara inapokatiza, kila bomba la majitaka lililopasuka. Reli za zamani zina neema moja kubwa: gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mwinuko wake ni wa pole sana, mara nyingi chini ya asilimia 2. Mzee mwenye mkongojo na mama anayesukuma kiti cha magurudumu wataipita njia hiyo bila kuhema, jambo ambalo haliwezekani kwenye sehemu nyingi za kando ya barabara zetu.

Halafu kuna watu. Katika mchepuo wetu tulimkuta fundi cherehani ambaye mguu mmoja wa meza yake umeinuliwa kwa kokoto za reli ili meza isiyumbe, na hatua chache mbele yake mama mmoja hutega jiko la chapati kati ya vyuma viwili, akiutumia mgongo wa reli kama rafu ya sufuria. Tulipoanza kunyoosha utepe, mama huyo alifunika unga wake na kutuuliza kwa upole, "Wanangu, mmetumwa kubomoa lini?" Tulikuwa tumeandika kurasa sita za pendekezo, na hakuna hata moja iliyomtaja. Tukazichana. Orodha ya wafanyabiashara sasa ndiyo kiambatisho cha kwanza cha ombi letu, ikionyesha kila kibanda kiko mita ngapi kutoka kwenye chuma na kinauza nini, na wawili kati yao wamo katika kamati. Ninawasihi msiiache kazi hii mpaka mwisho, kwa sababu kampeni ya bustani ambayo wachuuzi wanaisikia kwa mara ya kwanza siku ya tingatinga haina tofauti na ubomoaji mwingine wowote.

Hatua ya tatu: ombeni matumizi, msiombe ardhi

Kama mtakumbuka jambo moja katika somo hili, ninaomba liwe hili. Barua yetu ya kwanza iliomba "tukabidhiwe ardhi ya reli kwa manufaa ya jamii". Tulisubiri miezi minne, na jibu lililotufikia lilikuwa la mistari miwili: ardhi haitolewi. Ofisa aliyetupokea baadaye alitueleza, bila ukali wowote, kwamba hakuna mtumishi wa umma atakayetia saini karatasi inayoiondoa ardhi mikononi mwa shirika lake, hasa katika mji ambao ardhi ya umma imenyakuliwa mara nyingi kwa kisingizio cha jamii.

Tulibadilisha ombi. Sasa tunaomba kibali cha kuutumia ukanda kama njia ya watembeao na waendesha baiskeli kwa muda maalumu, huku ardhi na vyuma vikibaki mali ya shirika, na shirika likiwa na haki ya kuirudisha njia yake kwa kutoa taarifa mapema. Wazo hili si letu. Nchini Marekani, sheria iliyorekebishwa mwaka 1983 inaruhusu njia ya reli iliyoachwa itumike kama njia ya matembezi huku ikihifadhiwa kwa uwezekano wa kurudisha treni siku zijazo. Mwenye mali hapotezi kitu. Kinyume chake, hupata walinzi wa bure dhidi ya wanyakuzi.

Mtakutana pia na suala la nani ana mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limeiweka reli chini ya serikali ya kitaifa, ilhali bustani na maeneo ya burudani ni kazi ya kaunti. Njia ya matembezi juu ya reli inasimama katikati ya hizo mbili, na kila ofisi inaweza kuwaelekeza kwa nyingine mpaka viatu viishe soli. Pendekezeni tangu mwanzo hati ya maelewano yenye pande tatu: shirika linalotoa kibali, kaunti inayoshughulikia taa, taka na mifereji, na kikundi kinachotunza njia kila siku.

Kwa upande wa ujenzi, umbali kati ya vyuma viwili vya reli yetu ya zamani ni mita 1 tu, na watu wawili hawapishani hapo kwa raha. Njia inayofaa watembeao na baiskeli pamoja inahitaji mita 3 hivi. Kwa hiyo ama mnaipitisha kando ya vyuma, kama tuta linaruhusu, ama mnajaza murram iliyoshindiliwa mpaka ilingane na mgongo wa reli, vyuma vikabaki vimelala ndani yake.

Hatua ya nne: karatasi

Hapa nitakuwa mfupi. Sajilini kikundi chini ya sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya mwaka 2022, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na mkusanye saini zenye namba za vitambulisho. Kwa kuwa reli ni jambo la kitaifa, Kifungu cha 119 cha Katiba kinawaruhusu kupeleka ombi Bungeni. Kwa upande wa kaunti, anzeni na mwakilishi wa wadi. Ulizeni pia NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mapema kama mradi wenu unahitaji tathmini ya mazingira.

Hatua ya tano: waonyesheni watu

Ombeni kibali cha Jumamosi moja tu. Fyekeni nyasi, zoeni taka, wekeni kamba pembeni, waalikeni watoto na baiskeli. Nilimwona mzee aliyefanya kazi ya reli ujana wake akitembea mita 400 akiwaeleza wajukuu kila kipande cha chuma kazi yake, na picha hiyo imetusaidia kuliko kurasa zote tulizoandika. Kosa letu siku hiyo lilikuwa kutoweka mtu wa kulinda vifaa: kijana mmoja aling'oa vibanio vinne vya reli akauze kama chuma chakavu, na tukakesha kituo cha polisi tukieleza kwamba hakutumwa na sisi.

Maswali ya wanachama

*Mkazi wa Kaloleni: Hata kama wachuuzi wamo katika kamati, si kodi zitapanda na tutafukuzwa sote?*

Hofu yako ina msingi. Njia ya matembezi ya High Line jijini New York, iliyojengwa juu ya reli ya zamani na ambayo wakazi walianza kuitetea mwaka 1999 na sehemu yake ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2009, ilifuatwa na majumba ya kifahari pande zote. Lakini Paris wana mfano mwingine: reli iliyofungwa mwaka 1969 ikawa bustani ya kutembea juu ya daraja refu, na matao yaliyo chini yake yakawa karakana za mafundi. Sisi tunataka hati ya maelewano itaje idadi ya vibanda na ada yake kwa maandishi. Ahadi ya mdomo hatuikubali.

*Mama wa Makongeni: Usiku nani atapita huko?*

Kwa sasa, mama, hakuna, na hatudanganyi. Pendekezo letu ni kufunga saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka taa ziwekwe. Msitu wa Karura nao wakati mmoja watu waliuogopa, na uzio, walinzi na jamii iliyoshirikishwa katika usimamizi ndivyo vilivyowarudisha.

*Mwanachama wa Makadara: Nguzo za mlangoni zitazuia bodaboda?*

Hazitazuia. Nafasi inayotosha kiti cha magurudumu inaitosha pia pikipiki, na ukiibana utamzuia mlemavu kabla ya bodaboda. Sisi tumezungumza na vijana wa steji, wakatengewa mahali pa kuegesha mlangoni, na wao wenyewe huwakemea wenzao. Haifanyi kazi kila siku.

*Ndugu kutoka Kibera: Kwetu watu hutembea juu ya reli kila siku. Tunaweza kuanza?*

Hapana, ndugu yangu, kwa sababu treni bado zinapita hapo. Kampeni yenu inapaswa kuwa ya njia ya miguu nje ya uzio na vivuko salama, na hilo ni ombi tofauti kabisa, lenye haraka zaidi kuliko letu.

*Mwanachama mpya: Mataruma yaliyolegea chini ya vyuma vya reli tunaweza kuyafanya viti?*

Msiyaguse, ni mali ya shirika. Yale ya mbao, mahali yalipobaki, yamelowekwa dawa ya kuzuia mchwa ambayo ni sumu. Hayafai kukaliwa na watoto wala kuwashwa jikoni. Jumamosi ile sisi tuliazima mabenchi kwa mama wa chapati, naye akatutaka tumrudishie kabla ya saa kumi, wateja wake wa jioni wasikose pa kukaa.